Vatsala Nerurkar na Maswali Sitini na Manne

Baada ya miaka ishirini na saba, miezi minne, na kuumwa mara kumi na tisa (mara kumi na saba na mbwa, mara mbili na waombaji), Bi. Vatsala Nerurkar anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Kituo chetu cha kuokoa mbwa kinampoteza Mkuu wa Kitengo cha Makao Mapya. Mji wa Pune nao unapumua. Kuanzia tarehe 1 Aprili, mtu ataweza kuja kuomba mbwa bila kuulizwa mama mkwe wake ana msimamo gani kuhusu manyoya.

Sote tunamwita Tai, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Alikuja hapa kuziba pengo la karani kwa wiki sita. Alikuwa mwalimu wa hesabu, shule zimefungwa, na nyumbani hakuwa na la kufanya. Alikuta paa la mabati, mbwa kumi na wawili, na utaratibu mwepesi sana: ukija na kamba, unaondoka na mbwa. Tai alishtuka kama mtu aliyekuta wanafunzi wakisahihisha mitihani yao wenyewe. Kabla wiki sita hazijaisha alikuwa ameshatunga fomu.

Fomu hiyo ilianza na maswali tisa, na ingebaki na tisa kama binadamu wangekuwa na akili timamu. Lakini kila mbwa aliporudishwa kwa sababu mpya, Tai aliongeza swali. Mama mmoja alimrudisha mbwa mweusi kwa kuwa hakupatana na makochi, tukapata swali la 22: Makochi yako yana rangi gani? Profesa mmoja alirudisha jike mpole kabisa kwa kosa la kumkodolea macho wakati wa sala, tukapata swali la 31. Bwana mmoja wa Aundh alimrudisha wake baada ya siku mbili akidai mbwa "hana shukrani." Huyo alituzalia maswali manne kwa mpigo. Kufikia mwaka wa ishirini wa utumishi wake, fomu ilikuwa na maswali sitini na manne, na kuijaza kulichukua saa mbili. Kuna waliooa kwa maswali machache zaidi.

Haki itendeke, waliochukua mbwa kwetu nao wana yao ya kusema. Mwandishi wa wasifu huu ndiye anayeandika matangazo ya kituo. Katika matangazo hayo, mbwa "mwenye haya" ni yule atakayekuuma, na "mwenye nguvu" ni yule atakayekula mlango. Familia moja ilimchukua kwetu Moti, "mwenye umri wa miaka mitatu." Daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akatazama meno, kisha akawauliza kama miaka hiyo tulianza kuihesabu baada ya mbwa kustaafu. Moti alikuwa na miaka isiyopungua kumi. Familia ile ilimbeba mikononi kumshusha ngazi kila asubuhi kwa miaka miwili, mpaka alipokufa, kisha ikatuletea barua ya kutushukuru. Hapakuwa na neno hata moja la lawama humo. Tai aliisoma amesimama, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu akijifanya anakagua bomba.

Upande wa pili yupo muuguzi wa zamu tuliyemkatalia mara mbili kwa sababu ya saa zake za kazi. Alienda kununua kwa mfugaji mbwa wa nchi za theluji. Kila mwezi wa Mei, joto la Pune likifika pale linapofika, anatutumia picha ya mbwa huyo amelala mbele ya friji iliyoachwa wazi. Haandiki kitu. Hana haja ya kuandika.

Wasifu wa kistaarabu ungeishia hapa, ukafuatiwa na orodha ya vyeti. Rasimu ya kwanza iliishia hapa. Tai aliisoma, akachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Popat hayumo. Kwa nini?" Basi, na tusimulie habari za Popat.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Juni, mkazi wa maghorofa fulani ya Karve Nagar alitupigia simu kuwa nje ya geti lao kuna mbwa wa mtaani anayeteseka. Gari letu lilikimbia. Tulimkuta mbwa wa rangi ya kahawia, mnene, manyoya yanang'aa, amelala kivulini na tumbo juu. Mtu mwenye macho angejiuliza mateso yenyewe yako wapi. Sisi tulikuwa na gari, wavu na moyo wa huruma, kwa hiyo macho hatukuyahitaji. Tulimwokoa. Tukamchanja, tukamhasi, tukamkata ncha ya sikio kuwa alama ya aliyehasiwa, tukampa jina la Leo. Nami nikaandika tangazo: "Mchangamfu, ana mengi ya kusema." Maana yake ni kwamba alimbwekea kunguru, akambwekea tarishi, akaibwekea baiskeli ya tarishi, na siku ambazo hapakuwa na chochote aliibwekea jana.

Siku ya nne akaja Dagadu Shelar. Ni dobi, mzee mwembamba mwenye kibanda cha kupigia pasi nje ya geti lile lile: meza moja, pasi ya makaa, na turubai juu. Alivua viatu mlangoni.

"Nimekuja kumchukua Popat," alisema.

"Hapa hatuna mbwa anayeitwa Popat," Tai alimjibu.

Uani kukalipuka kelele, mbwa anabweka huku anagonga wavu kwa miguu.

"Sasa huyo anayeniita ni nani?"

Ieleweke kwamba Tai alikwisha kuona wengi wa namna hiyo. Watu huja wakidai mbwa wasio wao, kwa sababu ambazo hazifai kuandikwa kwenye jarida la wafanyakazi. Akamuuliza kama ana kadi ya chanjo. Hana. Picha? Hana.

"Nina mkate wake," Shelar alisema, akatoa mfukoni mkate wa mtama uliofungwa kwenye gazeti. "Mke wangu ameupika asubuhi. Huyu hali wa jana."

Tai akamsogezea fomu. Shelar hakuwa na miwani, kwa hiyo Tai alimsomea, swali baada ya swali.

"Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Kimoja."

"Una ua wenye ukuta?"

"Nina barabara nzima, Tai."

"Mbwa atalala wapi?"

"Chini ya meza ya pasi. Analala hapo mwaka wa nne huu."

"Kwa nini unataka mbwa?"

Mzee aligeuza mkate mikononi. "Wewe ukiulizwa kwa nini unamtaka ndugu yako, utasema nini?"

Tai aliandika: Hakujibu swali. Sifuri.

Alipata alama kumi na tisa kati ya sitini na nne. Mwandishi wa wasifu huu alikuwemo chumbani wakati wote, akinywa chai na kuona jinsi haki inavyotendeka.

Baada ya wiki mbili walikuja Nachiket na Ketaki Dandavate, wa ghorofa ya kumi na moja huko Baner. Walikuja na faili. Ndani ya faili mlikuwa na picha ya kitanda cha mbwa, picha ya roshani, ratiba ya matembezi iliyopigwa chapa, na barua ya mama mkwe kuhusu manyoya. Alama sitini na moja! Rekodi ya kituo. Tai aliwasindikiza mpaka kwenye gari lao, nusura awabebee mbwa mwenyewe. Shelar, ambaye Jumatatu hapigi pasi, alikuwa amekuja Jumatatu mbili zaidi na mkate wake, akiupitisha kwenye wavu. Jumatatu ya tatu mlinzi akamwambia Leo amepata familia nzuri. Mlinzi anasema mzee aliuweka mkate juu ya ukuta, akauliza kama familia hiyo inajua kwamba Popat anaogopa radi, kisha akaondoka.

Mwezi wa kwanza akina Dandavate walitutumia picha thelathini. Wa pili, nne. Mwezi wa tatu Tai aliagiza riksha akaenda ukaguzi, kama ilivyo kanuni yake, bila kupiga simu.

Ketaki alifungua mlango, akatabasamu, akamkaribisha chai. Tai aliketi. Mgeni wao aliyekuwepo, shangazi wa Nachiket kutoka Nashik, ndiye aliyetusimulia mengi ya yaliyofuata, kwa sababu Tai mwenyewe hapendi kuyasema.

Mbwa Leo alikuwa roshani, amejilaza mbele ya kioo, anawatazama. Kunguru alitua kwenye ukingo, hatua mbili kutoka puani pake. Mbwa alifumba macho.

"Anaumwa?" Tai aliuliza.

"Hapana, Tai, siku hizi ametulia sana," Ketaki alisema. "Kila mtu kwenye jengo anamsifu."

Tai aliinuka, akafungua kioo, akapapasa shingo ya mbwa. Chini ya manyoya palikuwa na mkanda mweusi wenye kidude cha plastiki chenye betri na meno mawili ya chuma. Aliuvua. Manyoya yalikuwa yametoka mahali pale, na ngozi ina alama mbili nyekundu.

"Hiki nini?"

"Ni cha mafunzo," Nachiket alisema. "Akibweka kinamtekenya kidogo. Kimeandikwa hakina madhara."

"Kinamtekenya."

"Kidogo tu, Tai."

Mwalimu wa hesabu huhakiki jibu. Tai alijibandika kile kidude kooni, meno ya chuma kwenye ngozi, akaushika mkanda kwa nyuma. Kisha, ndani ya sebule ile ya ghorofa ya kumi na moja, amevaa sari ya pamba na miwani yake ya kamba, akabweka kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Shangazi anasema kikombe cha chai kiliruka. Tai aliketi sakafuni mkono kooni, machozi yanamtoka. Kisha alimnyooshea Nachiket ule mkanda.

"Sasa wewe."

Nachiket alirudi nyuma hatua moja.

"Si kinatekenya? Chukua."

"Tai, tungefanyaje?" Ketaki alianza kulia. "Chama cha wakazi kimetuandikia barua tatu. Kuna mzee hapo chini ana ugonjwa wa moyo. Mbwa anabweka kutwa! Tangazo lenu lilisema ni mchangamfu. Mchangamfu! Hamkusema hanyamazi. Tulijaza kila kitu mlichouliza."

Na ni kweli, walijaza. Hawakuwa watu wabaya. Kitanda cha mbwa kilikuwa pale pale kama kwenye picha, safi. Katika maswali sitini na manne hakuna hata moja lililouliza watafanya nini mbwa akiwa mbwa. Nalo lile tangazo, msomaji anakumbuka ni kazi ya nani.

Tai alimfunga mbwa kamba, wakashuka kwa lifti, wakarudi kwa riksha.

Malalamiko ya Nachiket yalifika siku iliyofuata, kurasa mbili, na yalieleza bila chumvi kwamba afisa wetu "alibweka sebuleni mbele ya mgeni, kisha akaondoka na mali yetu." Mwenyekiti wa kamati, Dk. Pednekar, ni mtu wa karatasi. Karatasi zilisema mbwa ni wa akina Dandavate. Alimwita Tai.

"Mrudishe mbwa, tuwaombe radhi, yaishe," alisema. "Wamesaini. Umesaini na wewe."

"Simrudishi."

"Vatsala, utapoteza kazi kwa ajili ya mbwa mmoja?"

"Nilimpoteza mbwa mmoja kwa ajili ya kazi," Tai alisema. "Mwenye mbwa alikuja hapa na mkate mkononi, nikampa kumi na tisa. Andika hilo kwenye karatasi zako, daktari. Kama huandiki, naandika mimi."

Akaandika. Barua hiyo ipo kwenye faili, kurasa nne, kwa mwandiko wa ubaoni. Kamati, kwa busara yake inayojulikana, ilimhamishia stoo ya chakula apime mchele wa mbwa kwa miezi sita, ili ajifunze. Akina Dandavate, baada ya kuisoma nakala ya barua ile, waliacha kumdai mbwa. Ketaki aliandika mstari mmoja tu: "Msimrudishe kwetu. Mtafutieni mtu wake."

Kilichobaki kilikuwa kwenda kwa mtu wake. Tai, aliyewahi kumfukuza diwani ofisini, alizunguka maghorofa yale ya Karve Nagar mara tatu kabla hajathubutu kusimama mbele ya kibanda. Alikuwa amemwacha mbwa kwenye gari, nami nimemshika. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia yote.

Shelar aliendelea kupiga pasi. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye debe, anasubiri sari zake.

"Shelar, kaka yangu," Tai alisema, "nimekuja kukuomba msamaha."

"Swali la kwanza," Shelar alisema bila kuinua macho. "Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

Tai alijibu, "Vitatu."

"Wanaishi wangapi?"

"Mimi peke yangu."

"Una mbwa?"

"Sina."

"Miaka yote hiyo unagawa mbwa, wewe huna?"

"Sina."

"Kuna mtu anakupikia mkate asubuhi?"

"Hilo halimo kwenye fomu," Tai alisema.

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Hakuna."

Shelar aliinua pasi, akaisimamisha. Akamgeukia yule mama mzee. "Unamwonaje, bibi? Amefaulu?"

Mama mzee alimpima Tai kuanzia viatu mpaka miwani. "Kumi na tisa," alisema. "Na hizo za huruma. Sasa mlete mbwa, mwanamke, jua linatuchoma."

Ningependa kuandika kwamba Popat aliruka dirishani na kubweka kwa furaha. Hakubweka. Alitembea polepole, akanusa mguu wa meza, akanusa kiatu cha Shelar kwa muda mrefu mno, akaingia chini ya meza na kugeukia ukuta. Shelar alipiga magoti, akaiona ile shingo. Aligusa lile jeraha taratibu kwa kidole, kisha akasema, "Nendeni." Tukaenda.

Kwa wiki tatu Popat hakutoa sauti. Tai alikwenda kila siku baada ya kupima mchele, akasimama ng'ambo ya barabara kama mtu anayesubiri basi lisilopita njia hiyo. Indubai, mke wa Shelar, ndiye aliyemhurumia kwanza, akamwita avuke achukue chai. Siku ya ishirini na mbili, Tai alipokuwa anavuka kwenda kuichukua, Popat alitoka chini ya meza, akamtazama huyu mwanamke wa fomu, na akambwekea. Akambwekea mfululizo mpaka magari yakasimama. Shelar alicheka hadi pasi ikaunguza kola ya shati la mhandisi wa ghorofa ya pili. Tai alisimama katikati ya barabara, anabwekewa na kupigiwa honi, uso umemlowa, akisema, "Sema, baba. Sema yote."

Mpaka leo anambwekea. Wengine wote amewasamehe, hata mimi niliyeandika tangazo. Tai anasema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Aliporudi kwenye kiti chake baada ya ile miezi sita, alikata fomu ikabaki na maswali kumi na moja, na akaweka sharti ambalo madereva wetu wanalilalamikia hadi sasa: kabla ya kumwokoa mbwa yeyote, gari lizimwe, watu washuke, waulize mtaani ni nani anayemlisha. Uokoaji wetu umepungua kwa theluthi moja. Kamati ilisikitishwa sana na takwimu hizo. Mabango ya kituo, yenye sura ya Dk. Pednekar, sasa yanausifu utaratibu huo kuwa ubunifu wa kamati.

Kamati pia imeandaa ngao ya heshima iliyochorwa mbwa wa Kizungu. Tai aliombwa atupe takwimu za kujivunia ili zisomwe ukumbini. Alituandikia hivi: mbwa waliotoka kwa mkono wake ni 1,412; waliorudishwa ni 388, na sababu zao zote zipo kwenye daftari; wasiojulikana walipo ni kumi na saba. Chini yake akayataja majina kumi na saba, pamoja na rangi, na masikio yapi yamekatwa. Ametuomba tusisome namba ya kwanza. Tusome majina.

Yatasomwa. Daftari lile amelichukua nyumbani, na ameshatafuta ramani ya mabasi ya kwenda Hadapsar, ambako mmoja wao, Chandi, jike mweupe mwenye doa jichoni, anasemekana kuonekana karibu na soko la maua. Wafanyakazi wenzake tunamshukuru kwa miaka ishirini na saba ya kututia aibu inapostahili. Nenda salama, Tai, miguu yako iwe na nguvu na mabasi yaje kwa wakati. Na wewe unayesoma hapa, ukimwona Chandi, mpigie simu Vatsala Nerurkar moja kwa moja. Usitupigie sisi. Sisi tutaandika tangazo.